Nishani Mdomoni mwa Baba Mkwe

Nilitoka kwenda kuomba mafuta tu. Krischan, mwanangu wa pekee, alikuwa anakohoa tangu asubuhi, na kwetu mtoto akikohoa anasuguliwa kifua kwa mafuta ya bata bukini. Nikachukua kibakuli, nikavaa viatu vyangu vya mbao, nikaenda kwa jirani wa ng'ambo ya makaburi. Mwezi wa Novemba jua la Brandenburg ni bahili mno. Hujamaliza kukamua ng'ombe, giza limeshabisha hodi.

Nilirudi kwa njia ya mkato, kando ya ukuta wa mawe wa makaburi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Palinuka majani yaliyooza na moshi wa majiko ya kijijini. Hakuna mtu. Hakuna hata mbwa.

Halafu nikasikia.

Chwap... chwap... chwap...

Nikadhani nguruwe wa mtu amefungua zizi. Nguruwe akiwekewa viazi vya moto hula vivyo hivyo, mdomo wazi, bila haya.

"Wee! Toka huko!" nikakemea.

Kimya.

Nikapiga hatua. Ikaanza tena, taratibu, kama mtu aliyekatizwa chakula na hataki kukatizwa mara ya pili. Nikainama kusikiliza. Sauti haikutoka nyuma ya ukuta. Ilitoka chini. Chini kabisa, mguuni pa ukuta, pale tulipomzika baba mkwe wangu wiki iliyotangulia.

Alikuwa anatafuna.

Ngoja niwaambie baba mkwe alikuwa mtu wa namna gani, maana wengine mtamwonea huruma bure. Aliitwa Christian Zabel. Mwaka 1813, akiwa kijana, alipigana Hagelberg, siku ile ya mvua wanamgambo wetu walipokutana na Wafaransa. Baruti ililowa, bunduki zikagoma kulia, basi wakazigeuza na kupigana kwa vitako. Kundi moja la Wafaransa lilikimbilia hapa kijijini kwetu, Klein Lüdow, likabanwa kwenye ukuta huo huo wa makaburi. Wakatupa silaha. Wakainua mikono. Mikono haikuwasaidia kitu.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda. Tena mezani, jamani! Sisi tunakunywa supu, yeye anagonga meza kwa kijiko kutuonyesha vichwa vilivyokuwa vinalia. Ko. Ko. Ko.

"Kulikuwa na mmoja hana hata ndevu," anasema. "Anamlilia mama yake. Nikamwambia, ngoja nikupeleke kwake."

Anacheka mpaka supu inamtoka puani. Kisha anamshika mwanangu kidevu, anakiminya hadi mtoto machozi yanamlengalenga. "Huyu ni mimi. Jina langu, taya langu. Mimi nikienda, nitarudi humu."

Nikinyanyuka nitoke nje, siwezi kuvumilia, ananifuata kwa sauti hata kichwa hainui. "Funga mlango, mbuzi wa mchangani. Baridi inaingia."

Mbuzi wa mchangani. Ndilo jina alilonipa siku ya harusi yangu, kwa sababu natoka kule kwenye mchanga, ambako hata viazi huota shingo upande. Miaka yote niliyokaa kwake hakuniita Dorothee hata siku moja. Mwingine hakuthubutu kuniita hivyo. Wangethubutu wangenijua mimi ni nani.

Sasa nishani. Baada ya vita, bwana mwenye mashamba yetu aliyeyusha mzinga wa Kifaransa, akafua nishani chache sana kwa wanaume wa kijiji hiki waliokuwa Hagelberg. Ni ya shaba, pana kuliko sarafu yoyote, na ukingoni imechongwa jina la mwenyewe. Matajiri wa Berlin huja na magari yao ya farasi kuulizia kama kuna iliyobaki. Haziuzwi. Kwetu mwenye nishani akifa, hairithiwi wala haizikwi naye. Inapelekwa kanisani, na Jumapili ya Wafu inatundikwa kwenye ubao mweusi ukutani, pamoja na za wenzake. Wote wamo pale. Ilibaki ya baba mkwe tu.

"Ya kwangu nitalala nayo," alikuwa anasema. "Mchungaji Quast kama anataka kitu cha kutundika, atundike soksi zake."

Alipokufa, tulimwosha mimi na wifi yangu Ernestine, bintiye. Ludwig, mume wangu, alikuwa nje anajifanya anapasua kuni. Kwetu kila nguo ya nyumba, kuanzia shati mpaka kitambaa cha pua, imeshonwa jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu. Lakini maiti havishwi jina. Ng'o! Wapo maiti wasiokubali kulala, wanaotafuna chochote kilicho karibu na mdomo, na wakilifikia jina, yule aliye hai mwenye jina hilo ananyauka mpaka anamfuata. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kusali. Basi nikachukua mkasi, nikalikata jina la Christian Zabel kwenye shati lake la kuzikiwa. Nikalikagua shati lote kwa vidole. Kwani nani mwingine kijijini alikuwa anaitwa Christian Zabel? Mwanangu. Krischan ni jina la nyumbani tu.

Nikamwekea bonge la udongo wenye majani chini ya kidevu, taya lisishuke. Ikabaki sarafu ya chini ya ulimi, ili meno yapate cha kuuma yatulie. Hiyo huwekwa na mtoto wa damu, si mkwe. Nikampa Ernestine sarafu mkononi. Nikageuka kumwaga maji.

Niligeuka mara moja tu.

Ndiyo maana jioni ile nilikimbia kutoka makaburini mpaka nyumbani, mafuta yote yakaishia kwenye sketi. Ludwig alikuwa anavuta kiko karibu na jiko.

"Baba yako anatafuna," nikamwambia.

"Dorothee, usianze."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia nguruwe."

"Haya. Mwambie huyo nguruwe amwache mwanangu."

Nikafunua blanketi. Krischan alikuwa amelala, uso mweupe kama unga. Nikamshika mkono niupashe joto, na hapo ndipo nikaziona. Kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, alama nyekundu. Nusu duara. Meno, yote kwa safu yake, bila pengo.

Na Krischan alikuwa kibogoyo mbele. Meno yake ya juu yalikuwa yameng'oka tangu mavuno.

Ludwig akaangalia. Kiko kikamzimikia mkononi, hakukiwasha tena.

Tangu siku hiyo mwanangu alikwisha huku namtazama. Maziwa hayapiti. Mkate hautaki. Kila asubuhi alama mpya: kifundo cha mkono, kiwiko, bega. Zilikuwa zinapanda. Zinaelekea shingoni. Na kila jioni mimi nilikwenda ukutani na kusikiliza, na kila jioni alikuwa anakula. Nilijua kuna jina mle kaburini. Nilijiuliza ni lipi, na nililikata mwenyewe! Nilidhani nitapata wazimu.

Jibu alilileta mchungaji bila kujua. Alikuja mkesha wa Jumapili ya Wafu, kachafua sakafu yangu kwa matope, akasema amekuja kuichukua nishani. Ludwig akashusha kijisanduku cha baba yake kutoka juu ya kabati, akampa. Mchungaji akakifungua.

Akakunja uso.

"Huu ni mzaha wa nani?"

Nikachungulia. Juu ya kitambaa cha mahameli, mahali pa nishani, kulikuwa na sarafu. Sarafu yangu. Ile niliyompa Ernestine.

"Kama mmeiuza Berlin," Mchungaji Quast akasema, "semeni sasa."

Ludwig akaanza kubabaika. Mimi niliitazama ile sarafu, nikaelewa. Baba mkwe alikuwa amelala na nishani yake kama alivyosema, na ukingoni mwa nishani, duara zima, limechongwa jina la mwanangu.

Kesho yake alasiri wifi akaja kumwona mgonjwa. Alikuja na koti lake jeusi la kanisani, akakaa kitandani, akatoa kitambaa chake cha mkono, akampangusa Krischan mate mdomoni. Taratibu, kama mama. Nilimwangalia nikatamani kumkaba.

"Wifi," nikanong'ona. "Ulimweka nini baba mdomoni?"

Hakunitazama. "Kilicho chake."

"Kina jina la mwanangu."

"Lilikuwa la baba kwanza. Kama hukutaka walichangie, ungempa mtoto jina la kwenu huko mchangani. Au huko hamna majina?"

"Nyumba hii ndiyo inakuuma. Krischan akifa itamwangukia mwanao."

"Nimezaliwa humu," akasema, akasimama. "Wewe umeolewa humu. Usinifundishe cha kumfanyia baba yangu."

Kengele ya ibada ya jioni ikaanza kulia. Akafunga koti, akaondoka upesi. Kitambaa chake akakisahau juu ya mto. Nikakiokota. Kilikuwa na unyevu wa mate ya mwanangu, na pembeni, kwa uzi mwekundu, Ernestine.

Nikakitia kifuani.

"Ludwig," nikasema. "Chukua sepetu."

Kijiji kizima kilikuwa kanisani, kinawaombea wafu wake. Makaburi yetu yako nje, mwisho wa njia, na kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu hatuchimbi kina kirefu. Udongo ulikuwa bado mlaini. Ludwig alichimba huku analia kwa sauti ndogo, mimi nimeshika taa nimeifunika kwa aproni. Chini yetu ilikuwa inaendelea. Chwap... chwap... Kila sepetu inavyoingia, sauti inakaribia.

Sepetu ikagonga mbao.

Sauti ikakoma.

"Kasikia," Ludwig akanong'ona. "Dorothee, twende zetu. Nakusihi."

"Fungua."

Harufu ilitupiga kabla mfuniko haujatoka. Si ya kuoza. Kuoza nakujua. Ilikuwa harufu ya supu. Ya kitunguu, na mate, na pumzi ya mtu aliyeshiba.

Nikafunua taa.

Tulimzika mifupa mitupu. Sasa alikuwa amenenepa. Mashavu yamejaa, mekundu, yanang'aa mafuta. Shati lake limeliwa mpaka kifuani, bonge la udongo halipo, kidevu kina matope meusi yaliyochanganyika na mate. Jicho la kulia limefungwa. La kushoto liko wazi. Na lilikuwa linanitazama mimi, si Ludwig.

Kati ya meno, ukingo wa shaba ulikuwa unang'aa kama mpya.

Nikapiga magoti ndani ya shimo, nikaishika ile nishani, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena. Taya likabana, nikasikia shaba inasagika. Nikaingiza vidole pembeni mwa mdomo. Ndani mlikuwa na joto. Jamani, mlikuwa na joto!

"Shika taya," nikamwambia Ludwig.

"Ni baba yangu."

"Na yule aliye kitandani ni nani wako?"

Akashika. Tukavuta wote wawili. Ilikuwa kama kumnyang'anya mbwa mfupa. Kutoka kanisani kwa mbali tulisikia watu wanaimba, na mimi nilijua wimbo ule una beti chache. Wakimaliza watatoka na mishumaa yao, watakuja huku huku. Na nyumbani mwanangu amelala peke yake, alama zimefika kooni.

Basi nikamwinamia. Nikamsemesha sikioni, kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa.

"Baba. Nimekuletea kitu laini."

Nikatoa kitambaa kifuani. Nikakikunjua. Nikakisogeza midomoni mwake, upande ule wenye uzi mwekundu.

Pua yake ikatanuka.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nishani ikanidondokea kiganjani, ya moto kama mkate uliotoka jikoni. Kitambaa kikaingia. Hakikusukumwa. Kiliingia kidogo kidogo, kama ulimi ulikuwa unakivuta, mpaka ikabaki ncha tu.

Ludwig alikuwa ameliona jina. Alisimama kaburini na mikono yake imening'inia.

"Hicho ni cha Ernestine."

"Funika."

"Dorothee, hicho ni cha dada yangu..."

"Christian Zabel wako yuko nyumbani anakufa. Funika, au nitafunika mwenyewe na wewe ukiwa ndani."

Akafunika. Tulikuwa bado tunasawazisha udongo, alipoanza tena kule chini. Safari hii alikula haraka.

Nyumbani nikaiosha nishani. Ule upande uliochongwa mizinga na tarehe ya vita ulikuwa salama. Ukingoni, Zabel lilikuwa bado linasomeka. Neno Christian lilikuwa limelambwa lote, pamekuwa laini kabisa.

Asubuhi Krischan aliamka akaomba chakula. Nilipiga kelele ng'ombe wakashtuka zizini. Alikula uji, akala mkate, akala soseji ya baba yake. Alama zilikauka, zikabanduka kama magamba. Mungu na anisamehe kama anataka, lakini siku hiyo niliimba.

Ernestine alianguka wiki hiyo hiyo. Daktari alisema mapafu. Nilikwenda kumwona kwa sababu watu wangesema nisipokwenda. Alikuwa amekwisha, ngozi na mifupa, ameivuta shuka mpaka kidevuni. Ilipoteleza niliona shingo yake, nikairudisha shuka vizuri.

"Wifi," akasema, pumzi inakatika. "Baba aliniagiza. Alinishika mkono kabla hajafa, akanibana. Niwekee mdomoni, la sivyo nitakuandama. Nilimwogopa. Hata wewe ulimwogopa."

"Na jina?"

"Ni la shaba, wifi. Kitambaa kinatafunika. Nani anatafuna shaba?" Akalia bila machozi. "Mimi simtakii mtoto mabaya. Nina mdomo tu, unanijua. Niliona haya kukuambia... Hivi kitambaa changu nilikiacha kwenu?"

"Sijakiona," nikasema.

Nikamwekea mto vizuri, nikaenda zangu. Kama alisema kweli au aliogopa kifo tu, sijui, na sikurudi kumuuliza. Alikufa kabla ya Krismasi. Nilimwosha mimi. Nilikata jina lake kwenye shati, nikampa mwanawe sarafu, na safari hiyo sikugeuka. Wapo wanaonong'ona kwamba nilimuua wifi yangu. Na wanong'one. Wangekuwa na mtoto wa pekee kitandani tungeonana.

Nishani ilitundikwa kanisani. Mchungaji Quast alinung'unika sana kuhusu jina lililofutika. Nikamwambia mzee alikuwa na tabia ya kuisugua. Na makaburini kumenyamaza. Nimekwenda jioni nyingi, nimeweka sikio kwenye theluji. Hakuna kitu. Hatafuni tena. Nilifurahi kupita kiasi, sikujiuliza amekwenda wapi.

Jioni ya Krismasi tulikaa mezani sisi watatu. Niliweka supu ya bata bukini. Krischan alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa, mekundu, yanang'aa mafuta. Alimaliza sahani yake. Akalamba kijiko. Kisha akaanza kugonga meza.

Ko. Ko. Ko.

Ludwig akaacha kula.

"Acha hiyo, mwanangu," nikasema.

Akanitazama. Akacheka, supu ikamtoka puani.

"Amemwona babu yake tu," Ludwig akasema haraka haraka. "Mtoto hukariri anachokiona. Si alikuwa hapa mezani kila siku, anasikia?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anasikia."

Nikanyanyuka. Nilitaka kuleta kuni, au nilitaka tu kusimama kwenye baridi, nipumue. Nikafungua mlango. Theluji ikapeperuka ikaingia mpaka chini ya meza. Na nyuma yangu, kwa sauti nyembamba ya mtoto niliyemzaa mwenyewe, tulivu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani:

"Funga mlango, mbuzi wa mchangani. Baridi inaingia."

Nikaufunga.